Walimu wana vyeti, mtoto hajui kusoma: mafunzo ya ualimu yanaongeza nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku mkoani Shinyanga. Walimu wetu wote wana vyeti, wawili wana digrii, na kila muhula utasikia fulani kaenda semina. Lakini kijana wangu yuko darasa la nne na kusoma kunampiga chenga. Mimi nilifundishwa na mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini, yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na nilijua kusoma nikiwa la pili. Sasa nauliza: haya mafunzo ya ualimu yanaongeza nini hasa kwenye elimu ya mtoto, au tunapoteza fedha za serikali?

Jibu: Marahaba, baba. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima. Nimekuwa mkufunzi wa vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, kwa hiyo nina deni la kukujibu bila kuzunguka.

Mafunzo yanaongeza, tena mengi, pale yanapomfikia mwalimu akiwa mbele ya watoto, kwenye kitu kilekile anachofundisha, na kukawa na mtu wa kumtazama na kumrekebisha. Yakikosa hayo, hata yawe ya miaka mitatu, mtoto haoni tofauti. Shule yako ina vyeti. Ninachokitilia shaka ni hayo mengine.

Nikupeleke darasani. Siku moja nilikuwa nawakagua wanachuo wangu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP. Darasa la tatu, kipindi cha hisabati, ubaoni kumeandikwa 42 kutoa 17. Akatoka mtoto mmoja wa kiume, akachukua chaki, akaandika 35. Mwanachuo wangu akasema, "Siyo. Nani amsaidie mwenzake?" Akainuka msichana wa mbele, akaandika 25. "Mpigieni makofi!" Pa, pa, pa. Somo likaendelea. Yule wa kwanza akarudi kwenye dawati, akafuta 35 yake, akanakili 25. Ukichukua daftari lake utaona amepata. Kichwani hakikubadilika kitu.

Ile 35 ilitoka wapi? Mtoto hakubahatisha. Kwenye mamoja aliona 2 na 7, akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 1 kwenye 4, akapata 3. Alifanya hivyo kwa sababu tangu darasa la kwanza aliambiwa kwamba namba kubwa haiwezi kutoka kwenye ndogo, basi popote anapokutana na mbili zilizopangana, anatoa ndogo kwenye kubwa. Ni sheria aliyopewa na mwalimu, naye ameishika vizuri mno. Mwalimu aliyeandaliwa kwa somo hili anaijua 35 kabla haijaandikwa. Angemuuliza, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Angemshikisha vifungu vinne vya njiti kumikumi na njiti mbili za pembeni, kisha amwambie atoe kumi na saba. Mtoto anaanza na zile saba, anatafuta njiti, hazitoshi, anatazama vifungu, mwisho anafungua kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Dakika tatu tu, na hiyo kutoa kwa kuchukua haitamsumbua tena.

Mwanachuo yule hakuwa mvivu wala mjinga. Kutoa alikuwa anakujua. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza, na vizibo vya soda alikuwa amevipanga mezani kama zana, ingawa havikuguswa mpaka kengele inagonga. Chuoni tulimfundisha sifa za zana bora, na kwenye mtihani alizitaja zote. Hakuna aliyemwambia kwamba duniani kuna kosa linaloitwa 35, linatokana na nini na linaondolewaje. Mimi nilikuwa mmoja wa wakufunzi wake.

Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Lee Shulman, aliandika juu ya jambo hili, na tangu hapo watu wa fani yetu wanalipa uzito wake. Alisema mwalimu anahitaji kulijua somo, anahitaji kujua kuendesha darasa, na anahitaji elimu ya tatu iliyo katikati ya hizo mbili: kujua somo hilohilo linavyomkwamia mwanafunzi, na njia za kumkwamua. Elimu hiyo ya tatu ndiyo inayotofautisha mwalimu na mtu aliyesoma tu. Ndiyo pia ngumu kuipata kwa kukaa ukumbini na kuandika notsi.

Sasa tuje kwa mwalimu wako wa UPE, maana umemweka kama ushahidi kwamba mafunzo hayana kazi. Mimi namwona ni ushahidi wa upande wangu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameingia ifikapo mwisho wa 1977. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shuleni moja kwa moja, lakini hawakuachwa hivihivi. Kwa muda wa kama miaka mitatu walifundisha saa chache kwa siku, na muda mwingine walisoma: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na wakufunzi waliokuwa wanawapitia. Mwisho wakaingia chuoni kwa muda mfupi na kufanya mtihani. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwalimu wako alikuwa mafunzoni wakati anakufundisha wewe. Asubuhi alikwama mbele yenu na silabi fulani, jioni alikuwa na pa kuipeleka.

Nisikudanganye, mpango ule ulikuwa na jeraha lake. Kijana wa darasa la saba akifika kwenye sehemu, asilimia na Kiingereza cha madarasa ya juu, aliishiwa, na hakuna mbinu ya kufundisha inayoziba pengo la kutolijua somo. Watoto wengi wa kipindi kile waliumia huko juu. Na wewe uliyejua kusoma ndiye unayeniandikia leo. Wenzako mliokaa nao dawati moja, wakamaliza la saba bila kujua, hawaniandikii.

Yaliyofuata yalikwenda kombo kwa namna nyingine. Ulipokuja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ada ilikuwa imefutwa na watoto wamefurika, mafunzo ya cheti yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni. Kwa karatasi ni wazo zuri sana, hata leo ningelitetea. Lakini mwaka ule wa shuleni mwanachuo alikabidhiwa darasa zima peke yake, kwa sababu shule ilikuwa na njaa ya walimu, na sisi wakufunzi tulibaki vyuoni bila usafiri wa kuwafuata. Kilichotakiwa kuwa mafunzo kikawa ajira isiyo na mshahara kamili. Baadaye zikaja shule za sekondari za kata kwa mamia, na vijana wa kidato cha sita wakapewa kozi ya wiki chache na kutumwa kufundisha. Wananchi waliwaita "voda fasta", unakumbuka. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2012, kabla hayajapangwa upya, watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Siwatupii walimu lawama yote. Kulikuwa na shule zisizo na maabara wala vitabu, na lugha ya kufundishia ilibadilika ghafla mtoto anapoingia kidato cha kwanza. Lakini mwalimu wa fizikia aliyeandaliwa kwa wiki nne atafanya nini zaidi ya kuandika ubaoni na watoto wakanakili?

Siku hizi upepo umegeuka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka mwalimu wa shule ya msingi awe na diploma kwa uchache. Kenya nao wameachana na P1, cheti chao cha ualimu wa shule ya msingi, na tangu 2021 vyuo vyao vinadahili wa diploma. Waombaji wa sasa kwetu hawatoki tena daraja la nne la kidato cha nne kama ilivyokuwa kwa miaka mingi. Wanatakiwa wawe na daraja la kwanza hadi la tatu. Nayaunga mkono yote mawili kwa moyo wangu wote, kwa sababu mwalimu asiyelijua somo hafundishiki kulifundisha.

Hofu yangu iko kwenye namna muda huo ulioongezwa unavyotumika. BTP za kwetu mkufunzi anapewa wanachuo wengi waliotapakaa kwenye shule za mbali. Anafika kwa kila mmoja mara moja, akijitahidi mara mbili, anakaa nyuma ya darasa dakika arobaini na fomu ya alama mkononi, anasaini, anakimbilia shule nyingine kabla bodaboda haijaondoka. Mwanachuo anajua siku ya kukaguliwa. Nimewahi kukaa kwenye somo ambalo watoto walinyoosha mikono kabla swali halijaisha. Nilipofungua daftari la mtoto aliyekaa jirani yangu nikaona somo hilohilo, tarehe ya jana, limesahihishwa. Walikuwa wamelifanyia mazoezi kwa ajili yangu. Nilitoa alama nzuri siku ile na nilijua kwamba sijamfundisha yule kijana chochote. Ukiongeza mwaka mmoja wa utaratibu huo, umeongeza gharama tu.

Na semina ulizozitaja? Nimeziendesha nyingi. Walimu wanakusanyika mjini siku tano, kuna projekta, kuna kazi za vikundi na mabango ya karatasi, kuna chai na posho, mwisho cheti. Shule inaambiwa ilete mwalimu mmoja, naye anachaguliwa kwa zamu ili kila mtu aonje, kwa hiyo semina ya kusoma kwa darasa la kwanza anakwenda mwalimu wa darasa la sita. Akirudi, moduli inaingia kabatini kwa mwalimu mkuu. Hakuna wa kulaumiwa binafsi hapo. Ndivyo utaratibu ulivyopangwa.

Afrika Kusini walilipima jambo hili vizuri kuliko popote ninapopajua. Katika jimbo la North West, 2015 na 2016, walichukua shule zinazofundisha watoto wadogo kusoma Kisetswana. Makundi mawili ya shule yalipewa maandalio yaleyale ya kila siku na vitabu vilevile. Walimu wa kundi la kwanza waliitwa kwenye mafunzo kituoni mara mbili kwa mwaka, siku mbili kila mara. Walimu wa kundi la pili walifuatwa darasani kwao na mwalimu mlezi karibu kila mwezi, akatazama, akakaa nao, wakarekebisha pamoja. Baada ya miaka miwili watoto wa kundi la pili walikuwa wamepanda kiasi cha mara mbili ya wale wa semina. Hapo tofauti pekee ni mahali mafunzo yalipotolewa na kama kulikuwa na mtu wa kurudi kutazama.

Kenya walifanya kinachofanana kwa nchi nzima kupitia Tusome, iliyoanza 2015: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo la kila siku, na maofisa wa mitaala wa maeneo wakizunguka madarasani na kishikwambi, wakiwasikiliza watoto watatu wanne wasome kabla ya kuzungumza na mwalimu. Hilo la kumsikiliza mtoto kwanza nalipenda sana. Fomu zetu za ukaguzi zilikuwa zinaanza na azimio la kazi na andalio la somo, mtoto anafuata mwishoni kama nafasi ipo.

Hapa kwetu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ubaki na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakafundishwa kuanza na sauti za herufi. Hili linamgusa kijana wako moja kwa moja, nalo nitalisema kwa kirefu kidogo.

Ukipita nje ya darasa la kwanza utasikia "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti moja, kama wimbo, na ukiwa mzazi unafurahi. Mtoto aliyekaa nyuma anafuata mawimbi ya wimbo. Haangalii ubao. Mwishoni mwa mwaka anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa moyo, kidole kikiwa mstari mwingine kabisa. Mwalimu aliyefundishwa vizuri anaimbisha pia, lakini baada ya wimbo anashuka kwa mtoto mmoja mmoja na kuruka mpangilio: anaonyesha "bo", halafu "ba", halafu "bu". Hapo ndipo anajua nani anasoma na nani anaimba. Kisha anajua mahali Kiswahili kinapokaba: mtoto anayesoma "baba" na "kaka" bila shida atasimama kwenye "mbwa", atasoma "nyele" badala ya "nywele", na "ng'ombe" atamgeuza "ngombe". Kila kimoja kina njia yake ya kufundishwa, na mambo haya hayafahamiki kwa kuwa mtu ana digrii. Digrii ya ualimu, kwa sehemu kubwa, humwandaa mtu kufundisha sekondari. Hao wawili wenye digrii shuleni kwenu huenda hawajawahi kufundishwa hata siku moja namna ya kumfundisha mtoto herufi.

Kuna pia walimu wapya wanaofika sasa. Wengi walihitimu kuanzia 2015 wakakaa mtaani miaka mingi wakisubiri ajira, wakifanya biashara na kilimo. Sasa wanapita kwenye usaili, wanapangiwa kituo, na kesho yake wako darasani. Chochote walichojifunza chuoni kimeshapoa. Hao wanahitaji mlezi shuleni kuliko mtu yeyote.

Nikubali pia mipaka ya kazi yangu. Mwalimu bora kabisa akipewa watoto mia na thelathini kwenye chumba kimoja hawezi kushuka kwa mtoto mmoja mmoja. Na kuna lile ambalo Benki ya Dunia ililikuta hapa nchini 2014, kwamba kwenye ziara za kushtukiza karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani wakati wa kipindi, ingawa wengi wao walikuwepo palepale shuleni. Hilo halitibiwi na chuo cha ualimu. Linatibiwa na mwalimu mkuu anayezunguka, na kamati ya shule inayouliza.

Ndiyo maana nafurahi kwamba wewe ni mjumbe. Serikali ina utaratibu unaoitwa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, wachukue tatizo la darasa lao na kulijadili. Ni wazo lilelile la mwalimu wako wa UPE na lile la North West. Mahali pengine linafanya kazi, pengine ni mahudhurio yanayosainiwa tu. Kwenye kikao kijacho, kwa heshima, muulize mwalimu mkuu jumuiya ya shule yenu inakutana siku gani na mara ya mwisho walijadili nini. Akikujibu "tulijadili umuhimu wa ufundishaji shirikishi", bado. Akikujibu "tulijadili kwa nini watoto wa darasa la pili wanashindwa kutoa kwa kuchukua, mwalimu fulani akafundisha sisi tukatazama", mshike mkono umshukuru, na kamati imwekee nafasi kwenye bajeti ya karatasi na chaki za kazi hiyo.

Uliza pia nani anafundisha darasa la kwanza. Shule nyingi zinawapeleka walimu wazuri darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa, na darasa la kwanza anapewa aliyechoka au mgeni. Kama ni hivyo kwenu, hapo ndipo ningeanza kupigana, kabla ya semina yoyote. Na ikitokea nafasi ya mafunzo ya KKK, kamati iseme wazi kwamba anakwenda mwalimu wa darasa husika, na akirudi awaonyeshe wenzake kwa kufundisha watoto, wao wakiwa wamekaa nyuma.

Kuhusu kijana wako, usisubiri shule ibadilike. Leo jioni chukua maandishi ambayo hajawahi kuyaona, hata mfuko wa sukari au ukurasa wa kalenda, kwa sababu kitabu chake cha shule anaweza kuwa amekikariri. Mwonyeshe maneno kwa kuruka ruka. Andika pembeni yale yanayomshinda. Utakuta yanafanana, na hiyo orodha mpelekee mwalimu wake, tena kwa sauti ya kuomba ushauri. Kisha kaa naye dakika kumi kila siku kwenye sauti zile tu zinazomkwamisha. Kama wiki sita zikipita na bado anahangaika na "ba" na "ma", mpeleke kituo cha afya apimwe macho na masikio.